Kibali cha Kuangusha Paa

Palikuwa na nchi, na kwa kadiri inavyojulikana bado ipo, ambayo jina lake lilibadilishwa mara nyingi hata wachora ramani wakaamua kuliandika kwa penseli. Ilikuwa nchi nzuri sana. Ilikuwa na milima, mito, mbuga za wanyama na wizara arobaini na moja. Tena ilikuwa na kanuni moja iliyowapunguzia wananchi kazi ya kufikiri: karatasi yenye mihuri mitatu haiwezi kukosea. Anayeweza kukosea ni anayeisoma.

Upande wa magharibi wa nchi hiyo kulikuwa na kijiji cha Kisimbo, na hapo Kisimbo aliishi mama aitwaye Kalunde. Watu walimwita Mama Shija. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na hakuwa na kitu cha kumwonyesha mgeni isipokuwa kimoja. Juu ya meko yake, chini kabisa ya paa la nyasi, yalining'inia magunzi ishirini na mawili ya mahindi mekundu yenye punje zake, yamefungwa kwa kipande cha khanga, yanakula moshi ili dumuzi wasiyaguse. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yake. Alipewa na mama yake siku aliyoolewa, na mama yake alipewa na bibi yake. Kila mavuno Kalunde alichagua magunzi ishirini na mawili mapya yaliyojaza vizuri, akayapandisha juu ya moshi, na yale ya zamani akayapanda. Mahindi yale yalistahimili jua la wiki tatu bila kulalamika. Mwaka ule wa njaa kubwa, ni hayo tu yaliyosimama, na nusu ya kijiji ilikuja kwake na vibakuli kuomba mbegu. Hakumnyima mtu.

Kwa hiyo ukimwuliza Kalunde ana mali gani, angekuonyesha juu.

*

Mambo yalianzia mlimani. Msafara wa Mkuu wa Nchi, wenye magari arobaini na matatu na gari la kubebea viatu, ulikwama katikati ya mlima kwa kukosa mafuta. Meli ya mafuta ilikuwa imechelewa huko ng'ambo. Mkuu wa Nchi akashuka kunyoosha miguu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akaona shamba.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Mahindi, Mtukufu."

"Yanaweza kuendesha gari?"

Wasaidizi wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema hapana. Ukimya ule ukaandikwa kwenye kumbukumbu za safari kuwa ni ndiyo, na kabla ya mwezi kuisha Bunge likapitisha Sheria ya Nishati Inayolimwa kwa makofi ya dakika kumi na saba.

Ili wananchi wasiwe na shaka, gari la kwanza la kutumia mahindi lilizinduliwa uwanjani mbele ya mabalozi. Lilikwenda kweli. Wahandisi walikuwa wamefunga maksai wawili mbele ya gari, na maksai wale walikuwa wakilishwa mahindi. Balozi mmoja alipotaka kuuliza swali, bendi ilianza kupiga.

Tangu siku hiyo mahindi hayakuwa chakula tena. Yakawa mafuta ghafi. Ghala la nyumbani likawa tangi. Mashine ya kusaga ya Kisimbo ikapakwa rangi upya na kuandikwa KIWANDA CHA KUSAFISHIA MAFUTA, na mwenye mashine akaamriwa avae kofia ngumu. Ugali ukaitwa matumizi ya nishati kwa njia ya mdomo. Pembeni mwa mashamba yakasimikwa mabango mekundu: HATARI! MAFUTA! ZIMA INJINI! Kisimbo hapakuwa na injini nyingine zaidi ya ile ya mashine, lakini watu walipofika kwenye bango walinyamaza kidogo, kwa heshima.

*

Sheria ilisomwa Kisimbo na Bwana Evodi Mapambo, Kamishna Msaidizi wa Nishati Inayolimwa. Alikuja kwa gari la mahindi, maksai wakihema mbele. Alikuwa mtu mnene wa suti ya kijivu, mwenye sauti ya kuhutubia hata alipokuwa akiomba maji ya kunywa.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo ninyi si wakulima. Ninyi ni visima!"

Alisubiri makofi. Yakaja machache.

Kisha akasoma vifungu thelathini na kimoja, kimoja baada ya kingine, pamoja na nukta na mabano. Kufikia kifungu cha tano wazee walikuwa wamesinzia. Kufikia cha kumi mbwa nao walisinzia. Kalunde pekee alikaa wima, midomo ikichezacheza. Alisoma darasa ambalo lilikuwa na kitabu kimoja kwa watoto hamsini, kwa hiyo alijifunza kushika maneno kitabu kikiwa kwenye dawati la mwingine. Tabia hiyo haikumtoka.

"Kifungu cha kumi na tisa," Mapambo alisoma huku akijifuta jasho. "Mafuta yakiingia maji yatahesabiwa kuwa yamechakachuliwa. Mafuta yaliyochakachuliwa yataondolewa boharini siku hiyohiyo na kufukiwa ardhini kabla jua halijatua, kwa kina kisichopungua inchi mbili. Yafukiwe mbalimbali, kila shimo punje zisizozidi mbili, na kati ya shimo na shimo pawe na hatua moja, ili yasijumuike yakalipuka. Yasipofukiwa, afisa mhusika ndiye atakayehesabiwa kuwa mchakachuaji."

Aliyekiandika kifungu kile alikaa ghorofa ya tisa mjini, na alikuwa mtu mwangalifu sana. Hakuwahi kushika jembe.

Baada ya kusoma, Mapambo akaruhusu maswali mawili. Masasila, mwindaji mkuu wa kijiji, mtu mrefu mwenye utani na kila kiumbe, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, kuku wangu wamekula mafuta asubuhi. Niwakataze kukaa karibu na moto?"

"Swali zuri. Litapelekwa kwa wataalamu. La pili?"

Kalunde akasimama. "Mkichukua mahindi yote, Mheshimiwa, msimu huu tutapanda nini?"

"Mbegu bora ya nishati itakuja."

"Lini?"

"Mchakato unaendelea."

"Na hiyo mbegu inaliwa?"

"Mama, nimesema maswali mawili."

*

Bohari ya Nishati ilijengwa katikati ya kijiji kwa siku tisa. Zahanati iliyoahidiwa mahali hapohapo ilikuwa imesubiriwa miaka kumi na minne, lakini zahanati haiendeshi msafara. Bohari ilikuwa na kuta za matofali na paa la mabati mapya sitini na manne, yaliyong'aa kiasi kwamba kunguru waliogopa kutua. Ndilo lilikuwa paa pekee la bati hapo Kisimbo. La shule liliondoka na upepo zamani.

Mahindi yakakusanywa nyumba hadi nyumba. Kwa Kalunde walikuja vijana wawili wa ofisi na Mapambo mwenyewe, kwa sababu jina lake lilikuwa limewekewa alama ya swali. Wakachukua magunia matatu. Walipokuwa wakitoka, Mapambo akainua macho.

"Na yale?"

"Ile ni mbegu, Mheshimiwa. Si chakula wala si mafuta. Ni mbegu."

"Mbegu ni mafuta yaliyolala," alisema Mapambo. Alipenda sentensi hiyo, akatoa daftari akaiandika. "Tena umeyaning'iniza juu ya moto! Mafuta! Juu ya moto! Mama, ungeweza kulipua tarafa nzima."

"Yamekaa juu ya moto tangu enzi za bibi yangu. Kilicholipuka ni matumbo yetu kwa kushiba."

Kijana mmoja akacheka, kisha akakumbuka kazi. Wakayashusha. Unga wa masizi ukamwagika juu ya suti ya kijivu. Wakayatia kwenye gunia yakiwa na khanga yake, wakafunga.

Kalunde hakulia mbele yao. Alisimama mlangoni, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Mtayarudisha."

"Nani?" akauliza Mapambo.

"Ninyi."

"Lori la tangi linakuja Jumatatu ya mwisho wa mwezi," alisema Mapambo. "Baada ya hapo hata mimi sijui yatakuwa kwenye gari la nani."

*

Sasa hapo Kisimbo kulikuwa na desturi moja, nayo ilikuwa ya zamani kuliko jina lolote la nchi lililowahi kuandikwa kwa penseli. Hakuna aliyetia mbegu ardhini kabla ya siku ya paa.

Siku ya paa, mvua ikiwa karibu, wawindaji walitoka na nyavu na mbwa, wakamwangusha paa mmoja, dume. Mmoja tu. Waliponasa wawili walimwachia mmoja, wakamwomba radhi. Watu wa Kisimbo na paa ni watani. Paa huitwa shemeji, hutukanwa kwa mapenzi akiwa hai, na yule aliyemwangusha ndiye humlilia msiba. Nyama iligawanywa kwa kila nyumba, hata kama ni kipande cha ukubwa wa kidole gumba, na mbwa walipata fungu lao. Nyumba iliyopokea fungu ilitoka na mbegu yake kwenda shambani. Hivyo ndivyo msimu ulivyofunguliwa.

Lakini tangu msitu ukodishwe kwa wageni wa heshima waliopenda kupiga picha na vichwa vya wanyama, desturi nayo ilihitaji kibali. Karani wa kijiji alikuwa binti aitwaye Zamda, mwenye cheti cha uandishi wa barua za kiofisi na haya nyingi machoni. Kila mwaka aliandika ombi, na kila mwaka jibu lilikuja msimu ukiwa umepita na paa ameshaliwa kitambo.

"Mwaka huu tuombe ya nini?" alisema Masasila. "Paa tutamwangusha, kisha tupande nini? Mawe?"

"Andika, Zamda," alisema Kalunde. "Wamechukua mbegu. Desturi hatujawapa."

Zamda akaandika kwa mwandiko wake wa duara: *Sisi wanakijiji wa Kisimbo tunaomba kibali cha kuangusha paa mmoja, dume, kabla ya mvua, kama ilivyo mila yetu.*

Barua ikaenda mjini. Wizara ya Wanyamapori, wiki hiyo, ilikuwa imeunganishwa na Wizara ya Fukwe, kisha ikatenganishwa, na katika kuhamisha viti barua nyingi zilipotea njia. Hii ikaangukia Wizara ya Majengo na Makazi Bora, mezani kwa Msanifu Lugha Mkuu wa Wizara, aliyekuwa na kalamu nyekundu na hakuwa na kazi. Aliisoma. Akakunja uso.

"Paa *mmoja*!" alisema peke yake. "Watu wa vijijini hawajui hata ngeli!"

Akakata herufi *m*.

*

Jibu lilifika Alhamisi, siku nne kabla ya lori la tangi. Upepo ulikuwa umeanza kunukia udongo mbichi, na watu walitazama mawingu kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja siku ambayo nyumbani hakuna kitu. Zamda akasimama mbele ya ofisi ya kijiji akasoma, na kadiri alivyoendelea sauti ikazidi kufifia.

"*Ombi lenu limekubaliwa. Hata hivyo mnakumbushwa kuandika Kiswahili sanifu. Si 'paa mmoja', ni 'paa moja'. Neno 'dume' limefutwa kwa kuwa paa halina jinsia. Mnaruhusiwa kuangusha paa moja lililomo kijijini, kabla ya mvua. Liwe la bati, kwa kuwa kwa mujibu wa Sheria ya Makazi Bora paa la nyasi halihesabiki kuwa paa. Misumari ing'olewe kwa uangalifu. Mtu yeyote atakayewazuia, wa cheo chochote, atashitakiwa.*"

Kalunde akasogea mbele.

"Mihuri mingapi?" akauliza Kalunde.

"Mitatu, mama." Machozi yalikuwa yanamlengalenga Zamda. "Nisamehe. Niliandika vizuri. Naapa niliandika *mmoja*. Ni wao walioona bati badala ya mnyama."

"Tumeomba nyama tumepewa misumari," alisema Masasila. "Ndiyo serikali yetu hiyo. Kesho ukiomba mke utapewa mkeka."

Watu wakacheka cheko la watu waliochoka, wakaanza kutawanyika. Kalunde hakutawanyika. Aliichukua ile karatasi, akaisoma midomo ikichezacheza. Kisha akageuka polepole, akatazama katikati ya kijiji, mahali ambapo mabati sitini na manne yalikuwa yanameremeta. Kisha akatazama mawingu.

"Zamda mwanangu," alisema, "usilie. Hapa Kisimbo kuna mapaa mangapi ya bati?"

Zamda akafuta macho. "Moja."

"Basi wametuchagulia."

Masasila alikuwa ameshafika njiani. Akasimama. Akarudi hatua mbili kinyumenyume.

"Mama Shija," alisema taratibu, "unasema tukawinde *lile*?"

"Mimi sisemi kitu. Mihuri imesema."

"Na likishaanguka?"

"Likishaanguka kabla ya mvua," alisema Kalunde, "kuna kifungu cha kumi na tisa."

"Kinasemaje? Mimi nilikuwa nimelala."

"Ulikuwa unakoroma, baba. Njoo nikusomee."

*

Jumamosi asubuhi Kisimbo kilitoka kuwinda.

Walitoka kama desturi inavyotaka: wawindaji mbele na nyavu mabegani, mbwa wameachiwa, wanawake nyuma na vikapu, wimbo wa kumwita paa ukiitikiwa na kijiji kizima. Tofauti ilikuwa ndogo. Waliongeza ngazi na nyundo, na hawakwenda msituni.

Mlinzi wa bohari alikuwa mgambo aitwaye Sangija, mzaliwa wa hapohapo, aliyepewa rungu na filimbi lakini si mshahara wa mwezi uliopita.

"Simama! Nani?"

"Wawindaji," alisema Masasila.

"Mnawinda nini hapa boharini?"

"Paa."

Sangija akachungulia kichaka kilichokuwa nyuma yake. Akachungulia chini ya benchi. "Simwoni. Yuko wapi?"

Masasila akanyoosha kidole juu.

Ilichukua muda. Kisha Sangija akashika filimbi, lakini Zamda, ambaye hakuwahi kuingilia maneno ya mtu maishani mwake, akamwekea karatasi mbele ya pua. Sangija akaisoma kwa kidole. Alipofika mwisho akairudia sentensi ya mwisho.

"Kuwatazama tu," aliuliza, "kunahesabiwa kuzuia?"

"Kutazama bila kushika ngazi," alisema Zamda, "kunakaribia."

Sangija akaweka rungu chini, akashika ngazi.

Nyavu zikarushwa juu ya bati kwa sababu ndivyo uwindaji unavyoanza. Mbwa wakabweka kuelekea juu bila kuelewa, lakini kwa moyo wote. Masasila akapanda, akapiga bati kofi kama anavyompiga paa ubavuni.

"Shemeji!" akapaza sauti. "Umenenepa! Umekula mahindi ya kijiji kizima, halafu unakaa kimya kama mkwe mpya?"

"Mwambie!" wanawake wakaitikia chini.

"Huna hata pembe! Dume gani wewe?"

"Barua imesema hana jinsia!" akapiga kelele mtu, na kijiji kikaangua kicheko ambacho Kalunde alikisikia kifuani. Kilikuwa kicheko cha kwanza cha kweli tangu nyumba zao zilipokombwa mahindi.

Misumari iling'olewa kwa uangalifu, kama ilivyoagizwa. Bati moja moja likashuka, likapokewa kwa mikono kama mgonjwa. Jua lilipofika utosini lile la mwisho likatoka, na Masasila akalilia msiba kama mila inavyotaka: "Ee shemeji, nani atatung'aria tena!" Kisha mafungu yakagawanywa. Nyumba za Kisimbo zilikuwa hamsini na nane. Kila nyumba ikapata bati moja. Yaliyobaki sita yakawa fungu la mbwa.

Wakakaa chini kungoja. Mawingu yalikuwa meusi upande wa mashariki. Kalunde alitazama lile shimo kubwa lililokuwa paa, na kwa mara ya kwanza akaogopa. Mvua ikipita pembeni, Jumatatu lori litakuja, mbegu ya mama yake itaondoka, na yeye atakuwa mwanamke aliyeifundisha Kisimbo kubomoa bohari. Akakaza kitambaa kichwani.

Tone la kwanza likaanguka juu ya mkono wake. La pili likaanguka juu ya bati la fungu la mbwa, likalia *ta!* Halafu mbingu ikafunguka.

*

Mapambo alifika katikati ya mvua. Mtu fulani alikuwa amempelekea habari. Alikuwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, maksai wakilivuta matopeni kwa nguvu za mahindi. Akashuka, mwavuli ukapinduka.

"Nani ameangusha paa la serikali?"

"Serikali, Mheshimiwa," alisema Kalunde. "Sisi tulikuwa mikono tu."

Akampa karatasi. Mapambo akaisoma. Akaigeuza, akaitazama kwa nyuma, akahesabu mihuri, akaihesabu tena.

"Hii karatasi imekosea!"

Mswagaji wa maksai akageuza uso pembeni kwa aibu. Sangija akatoa kidaftari, akalowanisha penseli mdomoni, akauliza kwa upole, "Niandike kwamba Mheshimiwa amesema karatasi ya mihuri mitatu imekosea?"

Mapambo akaitazama ile penseli. "Nilimaanisha… nimekosea mimi. Ninayesoma."

"Hata sisi tulikosea mwanzoni," alisema Kalunde. "Mheshimiwa, samahani kukukumbusha. Mafuta yanaingia maji."

"Nayaona!"

"Kifungu cha kumi na tisa."

Mapambo akamtazama. Akatoa kitabu cha sheria kwenye koti, akakifunua chini ya mwavuli uliopinduka, karatasi zikigandana. Kalunde hakungoja. Akakisoma kifungu chote kwa kichwa, kuanzia *mafuta yakiingia maji* mpaka *afisa mhusika ndiye atakayehesabiwa kuwa mchakachuaji*, pamoja na nukta. Kila alipotamka neno, kidole cha Mapambo kilikuwa juu ya neno hilohilo.

"Kabla jua halijatua," alimalizia. "Sasa ni saa nane."

Uso wa Mapambo ukapitiwa na mambo mengi: hasira, hesabu za adhabu ya mchakachuaji, picha ya mkewe. Kisha sauti ya kuhutubia ikarudi.

"Mnangoja nini? Fukieni! Haraka! Inchi mbili!"

"Punje mbili kila shimo, Mheshimiwa?"

"Mbili! Zisizidi! Na hatua moja katikati, jamani, msije mkatulipua!"

Majembe yalikuwa tayari. Yalikuwa tayari tangu alfajiri, chini ya vikapu. Watu wa nyumba zote hamsini na nane wakamiminika mashambani na magunia, na tarafa ile haijawahi kuona kijiji kikitii sheria kwa furaha namna ile. Mapambo akapita mstari kwa mstari akipima kwa rula. Alipoona jua linashuka na magunia bado yapo, akavua viatu, akakunja suruali, akaanza kufukia mwenyewe. Wanaosema ukweli wanasema mistari yake ilinyooka kuliko ya mtu yeyote.

Kalunde aliingia boharini mwishoni. Gunia lilikuwa pembeni, ncha ya khanga imejitokeza kama ulimi. Alilibeba kifuani.

"Mama!" Mapambo akamzuia mlangoni, matope hadi magotini. "Hayo mekundu ni ya nini?"

"Haya ndiyo hatari zaidi, Mheshimiwa. Tazama rangi."

Mapambo akarudi nyuma hatua moja. "Basi yapelekwe mbali!"

"Nitayafukia shambani kwangu mwenyewe, yasidhuru mtu."

"Taifa linakushukuru," alisema Mapambo, na alimaanisha.

Kalunde alikuwa na punje za kutosha mistari arobaini. Alipanda mvua ikimpiga mgongoni, mbili mbili, na kwa kila shimo la kwanza la mstari alitaja jina: la mama yake, kisha la bibi yake, kisha la mama yake tena.

*

Siku ya nane taarifa ilitumwa mjini: *Mafuta yaliyofukiwa Kisimbo yanavuja kutoka ardhini. Uvujaji ni wa rangi ya kijani.* Mjini wakaunda kamati. Kamati ikauliza uvujaji umefikia wapi. Mapambo akajibu: magotini. Kamati ikaagiza wananchi waondoe majani yanayozunguka uvujaji ili usisambae. Wananchi wakapalilia, mara mbili, kwa amri. Taarifa ya mwisho ilisema uvujaji umempita Kamishna Msaidizi kichwani na sasa unatoa ndevu. Hapo kamati ikaona suala limekuwa la kitaalamu mno, ikalifunga faili.

Mbwa wa Kisimbo walijengewa banda la mabati sita. Maafisa wa Makazi Bora walipopita kuhesabu, walikuta hao ndio wakazi pekee waliotimiza masharti, wakawapa cheti.

Paa mwenyewe, yule wa miguu minne, alikuwa anaonekana jioni ukingoni mwa mashamba, amenona, hana wasiwasi. "Shemeji," Masasila alimwita, "mwaka huu amekufa mwenzako. Usitucheke."

Na juu ya meko ya Kalunde, chini ya paa la nyasi lisilohesabika, yalirudi magunzi ishirini na mawili mekundu, yanakula moshi.

Mwaka uliofuata bohari ikaezekwa upya, kwa mabati themanini, na mahindi yakakusanywa tena nyumba hadi nyumba. Msimu ulipokaribia, Zamda alikaa mlangoni kwa Kalunde, karatasi magotini, kalamu mkononi. Alikuwa ameacha kuinamisha macho.

"Mama Shija, tuandike nini mwaka huu? *Mmoja* au *moja*?"

Kalunde aliyatazama yale mabati themanini yaking'aa, kisha mawingu.

"Andika *mmoja*, mwanangu," alisema. "Kwa Kiswahili sanifu kabisa. Kusahihisha waachie wenyewe."